Pampu Mpya ya Binti Yangu

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na paka amezaa kwenye kabati la viatu.

Binti yangu, nasema yangu, amerudi toka kwako na pampu ya pumu ya unga. "Mama mdogo alinipeleka kwa daktari, nikajaribu zote, nikachagua hii. Naivuta mwenyewe!" Mama mdogo, mama mdogo, mpaka masikio yanauma.

Miaka tisa nimemshikia ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, nikimhesabia pumzi. Kumbe shuleni aliificha kwa aibu, akabaki anakohoa. Kwangu kimya, kwako, wiki mbili tu, akasema.

Jana alikimbia mpaka dukani, akarudi anacheka. Roho iliniuma.

Chupa bado naiosha kila Jumamosi. Usimwambie.

Dada yako