Kinyonga Mbele ya Kioo

3 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefika salama, ni uchovu tu wa siku mbili kwenye basi. Mgongo umekuachia? Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kurushiana maneno, na leo sina nguvu hizo. Nataka Taratibu, kinyonga wangu, aishi.

Najua unamwogopa. Mama ndiye aliyemtunza nilipokuwa kazini, na tangu tumzike wewe unalizunguka tundu lake kwa mbali. Basi shika haya. Taratibu hanywi maji ya bakuli. Unanyunyizia majani asubuhi na jioni, naye anaramba matone. Panzi wawili watatu kwa siku, uwapake ule unga mweupe wa kalsiamu, la sivyo mifupa yake italegea. Jua la asubuhi limpate waziwazi, si la kupitia dirishani, na awe na kivuli cha kukimbilia. Usimshikeshike. Mkataba wangu hapa maabara ni wa miezi sita tu.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mgongo bado unanisumbua, ila cherehani inazunguka. Huyu bwana wako nampulizia majani kwa chupa ileile ninayonyunyizia suruali kabla ya pasi. Panzi nawashika mwenyewe nyuma ya nyumba. Mtu mzima nachuchumaa kwenye nyasi, majirani wameanza kuniangalia kwa huruma. Nesi mmoja aliyekuja kupimwa sketi alipomwona alitoka mbio akaacha kiatu. Bado ninacho.

Nikwambie kweli, nimemzoea. Nikishona, jicho moja ananitazama mimi, la pili liko kwa panzi. Ila nilimwonea huruma kushinda peke yake, nikakisogeza kile kioo kirefu cha wateja mbele ya tundu. Sasa ana mwenzake.

Nitumie vipimo nikushonee gauni. Huko unakula?

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Sijapata jibu lako, naomba uwe mzima. Mimi mzima, Taratibu siye. Amekuwa mweusi kama mkaa, leo siku ya nne hagusi panzi, na macho yametumbukia. Nimemwongezea maji, nimemwongezea jua, wapi. Hata kazi haikai. Jana nilishona mkono wa kushoto wa koti upande wa kulia.

Mama yako nilishindwa kumponya. Huyu naye akinifia mikononi nitakwambia nini? Barua hii nampa dereva wa basi. Mpe jibu yeye mwenyewe.

Baba yako

5 Aprili

Baba, shikamoo, na pole sana.

Nisamehe. Barua yako ya kwanza niliiacha kwenye mfuko wa koti la kazini bila kuifungua. Nimezisoma zote mbili leo.

Ondoa kioo. Kinyonga hana haja ya mwenzake. Akiona kinyonga mwingine anaona adui, na huyo wa kwenye kioo hakimbii wala hachoki. Ndiyo maana amekuwa mweusi na kususa chakula. Funika tundu upande mmoja kwa shuka, nyunyiza maji ya uvuguvugu polepole, kwa muda mrefu, kisha mwache atulie. Kesho yake mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Si kosa lako. Hata kifo cha mama hakikuwa kosa lako, na nilipaswa kukwambia siku ile badala ya kufungasha.

Jambo jingine. Wameniongezea mkataba, miaka miwili. Nimeshatia saini. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia.

Binti yako

19 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Nilikigeuzia kioo ukutani barua yako ikiwa bado mkononi. Daktari alimkagua akasema anahitaji utulivu tu. Siku ya pili macho yaliinuka, ya tatu akaramba matone, ya tano akamdaka panzi. Leo ni kijani mpaka mkiani. Wateja wanajaribu nguo bila kujiona, wananiamini mimi ninavyowaambia, hata wale wabishi.

Hongera kwa mkataba. Niliisoma sentensi ile mara kadhaa, kisha nikaenda kushika panzi.

Umeniandikia kwamba kinyonga hana haja ya mwenzake. Nimeelewa, na hivyo ndivyo nitakavyomtunza. Lakini mwanangu, mimi si kinyonga.

Vipimo bado sijaviona.

Baba yako

23 Aprili

Baba, shikamoo.

Hii haikukaa mfukoni. Niliisoma nimesimama palepale kituoni, mpaka dereva akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni baba yangu tu ameniandikia.

Mkataba siwezi kuuvunja, nisikudanganye. Ila nimeomba likizo ya siku kumi, wamenipa, na Jumamosi nafika kwa basi hilohilo. Nyingine nitaiomba kabla mwaka haujaisha.

Vipimo sikutumii. Mhamishie Taratibu chumba cha pili, kisha kigeuze kioo. Utanipima mwenyewe.

Binti yako