Taa ya Bi Mina

Jumapili, 2 Februari 2014

Mwezi umeandama jana magharibi. Nimeuona mwenyewe kutoka juu ya paa la sinagogi, mwembamba, upande wa Hillbrow, hapa Johannesburg. Basi mwezi wao wa Adari umeingia. Leo nimepanda ngazi nikawasha taa tatu.

Hii kazi naipenda kuliko kufagia. Kila marehemu ana kibati cha shaba ukutani, kina jina na tarehe aliyokufa kwa mwezi wa Kiyahudi, na kibalbu pembeni. Wiki ya kumbukumbu yake ikifika, unakizungusha nusu mzunguko, kinawaka. Ikipita, unakilegeza. Basi.

Zamani orodha nilikuwa napewa na katibu, Bi Rosalie. Kila mwezi karatasi moja, imepigwa chapa: washa huyu, zima yule. Tangu Januari kapooza upande mmoja, maskini, wamempeleka Cape Town kwa bintiye. Nimemuuliza mwenyekiti, Mista Arkin, nani ataniandikia sasa. Kasema nisijisumbue, jengo limeshauzwa, tarehe 31 Machi tunakabidhi funguo. Kanisa la Mchungaji Révérien, Mrundi, ndio wamelinunua.

Jengo limeuzwa. Waliomo ukutani hawajauzwa. Nitaendelea mwenyewe. Mtoto wa Tanga nishindwe kuhesabu mwezi? Nipo hapa tangu Juni 2011 na sijaona miezi yao na yetu ya Kiislamu ikipishana zaidi ya siku moja. Adari, kisha Nisani, kisha Iyari. Ninayo kichwani yote.

Jumatatu, 3 Machi 2014

Mwezi umeandama jana. Kwa hiyo leo Nisani mosi. Nimelegeza wa Adari wote, nimemwasha wa kwanza wa Nisani — bwana mmoja, muoka mikate, kafa 1938.

Mafundi wameanza kung'oa viti. Mia tisa! Nilikuwa sijawahi kuvihesabu. Kila kiti kina jina la mwenyewe. Damien, mlinzi wa getini, kauliza hawa watu mia tisa wamekwenda wapi. Nikamwambia Sydney, Israeli, Glenhazel huko kaskazini mwa jiji, na ukutani. Kasema kwao Bujumbura kanisa likiisha watu ni vita. Hapa waliondoka wenyewe polepole, na piano zao.

Mzee Meltzer, muumini wa zamani wa sinagogi hili, aliwahi kunisimulia. Baba yake alishuka melini na sindano na mkasi, wakalala watu sita chumba kimoja hapa Berea. Jumamosi mtaa mzima umevaa suti. Harusi tatu siku moja, bibi arusi mmoja anatoka huku mwingine anaingia. Watoto wa sinagogi wanapigana na watoto wa shule ya masista pale kona. Leo pale kona wanasuka nywele.

Jumapili, 9 Machi 2014

Nimempigia Mzee Meltzer. Kila mwaka Bi Rosalie alikuwa anampigia siku chache kabla, kumkumbusha taa ya mkewe, Bi Mina, kumi Nisani. Sasa mkumbushaji ni mimi.

Mzee ana miaka tisini na moja, macho hafifu, yuko nyumba ya wazee wa Kiyahudi huko kaskazini. Fundi cherehani, akili kali kama wembe. Nikamwambia Jumatano, mzee. Akasema: mapema mwaka huu, Twalib. Nikasema mwezi ndio mwezi, mzee, nimeuona kwa macho yangu. Akasema lakini huku hata mkate hawajaanza kuutoa — maana Pasaka yao huwa siku tano tu baada ya kumi Nisani, na kabla yake mkate wote unatolewa majikoni. Nikamwambia labda hao wa jikoni wamechelewa.

Akasema: basi ni mimi nimezeeka.

Nikacheka, nikamwambia hujazeeka, mzee.

Anataka sala ya wafiwa isomwe humu ndani, mara ya mwisho kabla ya funguo kukabidhiwa. Inataka wanaume kumi wa Kiyahudi, watu wazima. Tisa haitoshi. Kasema atawatafuta.

Jumatano, 12 Machi 2014

Kawapata! Saa tisa alasiri magari matano. Wawili na mikongojo, mmoja daktari na saa yake mkononi, wengine hata sijawahi kuwaona. Damien kanong'ona: na sisi wawili tungekuwa dazeni. Nikamwambia sisi hatuhesabiwi, simama getini.

Viti vimeng'olewa, wakasimama katikati ya ukumbi mtupu. Mzee Meltzer akasoma kwa moyo bila kitabu. Sauti ilikuwa inarudi kutoka juu, kwenye roshani ya wanawake, alikokuwa anakaa Bi Mina. Taa yake inawaka. Mzee akaishika kwa kidole, ina moto kidogo. Akasema: wewe Twalib ndiye kumbukumbu yangu sasa, yangu imekwisha.

Nililia. Naandika ukweli, nililia, na nilijisikia mtu wa maana.

Jumapili, 16 Machi 2014

Ya Rabi.

Nilikwenda kumpelekea Mzee Meltzer kibati cha kiti chake, mafundi wamenipa. Mlangoni nesi kavaa taji la karatasi. Ndani wazee wamevaa masharubu ya bandia, kofia, mmoja kavaa kisultani. Nikapewa biskuti ya pembe tatu. Nikauliza kuna nini. Purimu! Leo Purimu, sikukuu yetu, kula.

Biskuti nikaiweka mezani. Purimu naijua. Mwaka jana na mwaka juzi nimefagia peremende zake. Purimu inakuwa katikati ya Adari, mwezi mzima kabla ya Pasaka. Kwa hesabu yangu Pasaka ni kesho.

Nikamuuliza nesi taratibu, kama mtu asiye na shida. Kasema mwaka huu una miezi kumi na mitatu. Kila baada ya miaka miwili mitatu wanaongeza Adari ya pili, ili Pasaka isihame majira yake. Yetu Ramadhani inatembea mwaka mzima, leo joto, kesho baridi, hakuna anayeizuia. Yao wanaifunga kamba. Mimi nitajuaje? Miaka miwili niliyokaa hapo haikuongezwa hata mmoja!

Kumi Nisani ni tarehe 10 Aprili. Watu kumi wamekuja siku isiyo yake kwa neno langu, hakuna aliyeuliza tarehe. Mzee alikuwa sawa, na mimi nikamwambia jikoni wamechelewa.

Na haikuishia hapo. Nimemkuta chumbani, sanduku limefunguliwa kitandani. Ijumaa anahamia jengo la nyuma, la wanaosahau. Mlango wake unafunguliwa kwa namba na wa ndani hawapewi namba. Kaomba mwenyewe! Kamwambia sista mkuu, mkubwa wa manesi: nilipoteza mwezi mzima, nilidhani bado, kijana wangu ndiye aliyenikumbusha, sitaki kusubiri mpaka nipotee barabarani.

Nilimpa kibati chake. Sikusema kitu. Nikaondoka.

Jumatatu, 17 Machi 2014

Mista Arkin kanipa barua ya kunipeleka sinagogi kubwa la kaskazini, kazi ileile, nyumba ndani. Imeandikwa: mtu makini, hajapata kukosea.

Sijala.

Jumanne, 18 Machi 2014

Nimemwambia Shufaa. Mke wangu hapambi maneno. Kasema: umemtia mtu wazimu ulio wako, na unakaa hapa unakunywa chai?

Nikasema na kazi je? Kasema kazi utapata nyingine, eish, Johannesburg hii umeanza na kuuza soksi kwenye robot, taa za barabarani. Yule akili nyingine atapata wapi?

Alhamisi, 20 Machi 2014

Nimekwenda. Nilipanga maneno kwenye teksi, yote yakaniruka.

Alikuwa kakaa kwenye kiti, kavaa koti, sanduku limefungwa. Nikasema: mzee, hukusahau kitu. Niliyekosea ni mimi. Nikamweleza Adari ya pili, mwezi wa kwetu, Tanga, yote. Akanisikiliza bila kupepesa. Nikasema ulikuwa sawa mapema, ulikuwa sawa mkate, mimi ndiye niliyekukatalia.

Akauliza umemwambia nani. Nikasema mke wangu, na wewe. Akanyoosha fimbo kwenye korido: kamwambie yule.

Basi nikamwambia sista mkuu, mbele ya manesi, mbele ya wazee wa watu. Ikabidi nirudie mara mbili, mmoja hasikii vizuri. Sista akaniangalia sana. Akasema kuhama kutasimama kwanza, daktari ampime upya.

Nilirudi kumuaga. Alikuwa anatoa shati moja moja kwenye sanduku, anatundika. Nikasema nisamehe, mzee. Akasema, kanipa mgongo: siku kumi na moja, Twalib. Siku kumi na moja kila asubuhi nilikuwa najiuliza jina la mke wangu, nione kama bado lipo.

Akachukua shati lingine, akatundika.

Jumatatu, 31 Machi 2014

Tumekabidhi funguo. Mchungaji Révérien kavua viatu kuingia, hakuna aliyemwambia avue. Kaahidi hatapaka rangi nyota zilizo darini.

Mbao mbili za majina zimekwenda kaskazini. Ya tatu, ya upande wa wanawake, majina arobaini, huko hakuna nafasi ukutani. Mista Arkin kasema itakaa stoo kwa mtu, imefunikwa. Bi Mina yumo. Nikasema nipeni mimi mpaka ukuta upatikane. Akanitazama. Habari za nyumba ya wazee zimeshamfika, nimejua machoni. Kasema chukua. Habari ya kazi hakuitaja, nami sikuuliza.

Mimi, Damien na vijana wawili wa kanisa tumeipandisha ghorofa ya nne. Lifti imekufa tangu mwaka juzi. Shufaa kafungua mlango, kaangalia, kasema sofa ulikosa? Lakini kasogeza kabati mwenyewe. Usiku kaifunika kanga, kasema majina ya watu yasitutazame tukilala.

Jumanne, 1 Aprili 2014

Nisani mosi. Safari hii nimemuuliza nesi, nimemuuliza Mista Arkin, nimeangalia na kalenda ya duka la nyama la Kiyahudi. Wote wamekubali.

Waya nimeunga. Zinawaka zote arobaini, nimezijaribu. Tumu, binti yangu, kasema kwa Kiingereza chake ni nzuri kama Krismasi. Mama yake kamtolea jicho.

Jumatatu, 7 Aprili 2014

Simu. Mzee Meltzer! Hakunisalimu. Kauliza ubao uko wapi. Nikasema kwangu, Berea. Mtaa gani? Nikamtajia. Akasema jengo hilo analijua, aliishi la pili yake alipooa. Ghorofa ya ngapi? Ya nne, na lifti haifanyi kazi, mzee, ngoja nikuletee kibalbu na kibati huko huko. Kasema hapana.

Daktari kampima. Kasema hana tatizo lolote, kumbukumbu yake inampita daktari.

Watu kumi hatawaita tena. Kasema aliwasumbua mara moja, inatosha. Sala haitasomwa. Taa tu.

Jumatano, 9 Aprili 2014

Saa kumi na moja na robo. Siku yao inaanza jua likizama, kwa hiyo Bi Mina ni jioni hii. Shufaa kapika maandazi, halafu kakumbuka hatujui kama atakula chetu, kaweka na ndizi zenye maganda. Kanga kaitoa ubaoni, kaikunja. Taa ya Bi Mina sijaigusa. Ataizungusha mwenyewe.

Nimeshuka mara tatu kuangalia gari.

Saa kumi na moja na nusu. Damien, nilimwomba angoje gari getini, kapiga simu kutoka chini: patron, mzee wako amefika, mi nilitaka kumubeba, akanipiga na fimbo! Nikasema nashuka. Akasema hapana, amekataza. Kasema wewe ubakie huko juu ungoje.

Basi nangoja. Naandika ili nisishuke.

Fimbo naisikia. Ghorofa ya kwanza kapumzika sana. Shufaa yuko mlangoni na kiti, hajui akipeleke au asikipeleke. Ya pili. Jirani wa Kikongo kamsalimu, bonsoir papa, hakujibu, au pumzi haitoshi.

Ya tatu. Kasimama. Muda mrefu. Kanga ya Shufaa nimeishika sijui kwa nini.

Ameita! Twalib! Ngazi nzima imesikia. Nimekwenda mlangoni, nikaitika naam mzee. Kauliza leo tarehe ngapi ya kwetu. Nikamwambia tisa Nisani, na jua likizama inaingia kumi.

Kasema: una uhakika?

Nimerudi kukaa, nihesabu tena kabla ya kumjibu. Shufaa ananitazama. Fimbo haijasogea, anangoja jibu.