Salamu za Basi Zima

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Sagalla tu wazima. Mvua imegoma, lakini hayo tuyaache.

Unauliza utazungukaje Nairobi kwa basi bila kupotea. Mimi nilipomtembelea mara ya kwanza kaka yangu aliyekaa mtaa wa Jericho, nilipanda basi la mjini nikawapa abiria wote mkono, kiti kwa kiti, kama tunavyofanya huku tukiingia kwa watu. Kila mmoja nilimwambia natoka Sagalla, naenda Jericho. Kondakta alibaki kunitazama. Kisha nikakaa dirishani, nikaduwaa na magorofa, nikasahau safari.

Ghafla basi zima likapaza sauti: "Kijana wa Sagalla, Jericho ni hapa!"

Mji ule una watu wema sana, Mghoi. Wanangoja tu uanze wewe.

Babu yako