Mkalimani Hakuongeza Neno

Helsinki, Februari 1945

Kwako Mama Lempi,

Shikamoo mama. Natumaini goti limepoa na kuni hazijakuishia. Sisi huku miili ni mizima. Mengine nitakueleza, ila kaa chini kwanza.

Umeniuliza mbona Saimi hakuandikii siku hizi. Mama, Saimi hayupo.

Mwanao Verner unamjua. Benki ilimzoesha kupima kila neno, na kile Kirusi alichookota utotoni mjini Viipuri, karibu na mpaka wa Urusi, kikawa mali. Tangu vita vianze serikali imemtoa kwenye kiti cha meneja ikamzungusha na mabalozi, leo Moscow, kesho Stockholm. Ulijivuna kanisani, nami nilijivuna, sikatai. Akirudi alikuwa akitamba kwamba mkalimani hana lake: kinachosemwa anakivusha, basi.

Vita viliposimamishwa, Warusi walidai watu wao wote, hata wale Waingria wanaosema Kifini kama sisi ila wamezaliwa upande wa pili wa mpaka. Saimi wetu ni mmoja wao. Yatima wa miaka kumi na miwili tuliyemchukua kumlea, ananiita mama, anamwita Verner baba, na anamcheka anavyokunja leso kama noti mpya. Akaitwa mbele ya tume ya Warusi. Nilikuwa nimesikia familia moja ya Porvoo iling'ang'ania mtoto wao wa kulea, akaachwa abaki nao. Nikamsihi Verner naye aseme neno, kwani mkalimani siku hiyo angekuwa yeye mwenyewe. Akanijibu nisimfundishe kazi.

Mimi nilizuiwa mlangoni. Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe jioni, anakoroga kahawa yetu ya bandia, kama mtu aliyeshinda vizuri kazini. Afisa alimuuliza mtoto kama anataka kurudi kwao. Saimi akasema kwao ni hapa. Kisha akamgeukia Verner: baba, si uwaambie! Na mwanao, mama, akayavusha maneno hayo kwa Kirusi, sauti ileile kavu. Afisa akashangaa, akauliza baba ni nani. Verner akamgeuzia mtoto swali: baba yako ni nani?

Anasema Saimi alimtazama sana. Halafu akajibu kwamba hana baba. Hilo nalo akalivusha.

Wakaamua arudishwe, na treni imeshaondoka. Afisa alimpigapiga Verner begani, akamwambia hajapata kuona mkalimani safi kama yeye. Hilo alinisimulia mara mbili.

Nilimtukana mwanao, mama, unisamehe. Nilimwita hayawani. Akaniambia nipunguze sauti, majirani wanasikia, na kwamba mtoto mwenyewe kakana kuwa na baba. Nikamuuliza, je, kama mtoto angemnyooshea yeye kidole, aseme baba ni huyu hapa? Akafuta mdomo, akasema angetafsiri. Nikamuuliza, na wewe ungesema nini? Akasema yeye hakuulizwa.

Nimefungasha. Jumapili nakuja kwako ukinikubali. Yeye ni damu yako, najua, na ukinifungia mlango sitakulaumu.

Nisalimie shangazi Hulda na wote wa kanisani. Wakikuuliza habari za Verner, waambie amepandishwa cheo, maana ni kweli.

Ndimi mkweo akupendaye,
Aune