Mama Aliweka Dole Gumba Bila Kujua Ni Nyumba Yake

Mpendwa mshauri, salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani kwako. Habari za afya, na kile kifua ulichosema kinakusumbua kimepoa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyoni siko sawa, naomba msaada.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na tisa, naishi na mama yangu mzazi katika vyumba viwili vya kupanga tangu ugonjwa wa kusahau ulipomzidi, maana kwake alikuwa anaacha jiko linawaka anaondoka zake, basi nyumba yake tukaifunga, lakini nikiinamia cherehani tu yeye katoroka, namkuta kwake ameketi mlangoni, ananiambia, "Wewe binti, kamwite mwanangu mwenye ufunguo," na mwanawe huyo ni mimi.

Kaka yangu mkubwa akasema tuiuze, tupate cha kumlipa mtu wa kumwangalia. Nikamwambia mama bado yuko hai. Akanicheka, "Haya, mama maombi, iombee basi nyumba ijilinde na wezi!" Mshauri, siku hiyo nilikuwa nimefua mashuka mara tatu, nilikuwa nimechoka, nikakubali.

Akaleta karatasi ya mauzo. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, akaipitia ile karatasi kwa kidole mstari kwa mstari, kisha chini akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa, "Jitahidi zaidi." Kaka akaichana, kesho yake akaja na nyingine pamoja na kidau cha wino. Mimi ndiye niliyemshika mama mkono. Akauliza, "Hii ya nini?" Nikasema, "Ya kliniki, mama." Akaweka dole gumba, akaniambia, "Asante, mwanangu," na ilikuwa miezi mingi hajaniita hivyo.

Sasa nikipiga magoti kusali maneno hayatoki. Mnunuzi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anakabidhiwa nyumba mwisho wa mwezi, na kaka anasema nikifungua mdomo nikatafute ndugu mwingine. Nifanye nini? Tafadhali nijibu upesi.

JIBU

Fundi, mdogo wangu, kifua kimepoa, asante kwa kuuliza. Pole. Kumwogesha aliyekuogesha, naye hakujui, si kazi ndogo, na kaka anayefika na karatasi lakini hajawahi kufika na ndoo ya maji hana la kukucheka.

Lakini usijifiche nyuma yake. Wino aliuleta yeye, mkono uliushika wewe. Ulimdanganya mgonjwa akatoa nyumba yake, na jambo hilo haliitwi uchovu.

Usingoje kaka apoe. Chukua mtu mzima mmoja wa kushuhudia, nenda kwa mnunuzi, mwambie mama hakujua anaweka dole kwenye nini. Atafoka. Mwache afoke. Kutoka hapo pata barua ya daktari, uende kwa watu wa msaada wa sheria uwaeleze yote, hata la kliniki, na uwaulize jinsi mahakama inavyoweza kumteua msimamizi wa mali ya mama, ili asije mwingine na kidau chake.

Halafu hebu niambie: wewe unalipa kodi, na nyumba ya mama ina kufuli. Hivi hamkuona kwamba wa kuhama ni wewe? Mauzo yakishasimama, hamia kwake na cherehani yako. Jiko liwe kwenye chumba unachofunga. Kodi unayolipa sasa mpe mwanamke jirani akae naye wakati unashona.

Siwezi kukuahidi raha. Huenda hata humo ndani atakuomba umpeleke nyumbani. Usibishane naye, mshike mkono mtembee hadi kona, mrudi. Na msamaha wake usiungoje, kwa sababu hajui umemkosea nini. Huo utauomba kwa Mungu peke yake, na mama ataendelea kupotea mbele ya macho yako hata ukirekebisha yote. Rekebisha hivyo hivyo. Kaka akikukana, akukane. Nenda kwa mnunuzi kesho asubuhi, kabla hujakaa kwenye cherehani.