Tangawizi Niliyoambiwa Naimwaga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Dada ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kusimama katikati kuzigombeza, nami nimefurahi. Mimi ni mzima, mzima kweli, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Unaikumbuka chai yako ya tangawizi, ile ya kikombe cha bluu? Kila mwezi, siku zetu zikifika, dada alikunywa akainuka kwenda kufua. Mimi nilikunywa nikabaki nimejikunja sakafuni. Ukasema naimwaga dirishani. Ulitoka hata kuyakagua maua ya chini ya dirisha! Mama, hilo liliniuma kuliko tumbo lenyewe.

Sasa, pale maabara ninapoosha vyombo wameipima tangawizi yako. Daktari alitueleza kwamba siku zile mfuko wa uzazi hutoa kemikali inayoukaza, na kemikali ikizidi, maumivu nayo huzidi. Tangawizi inaonekana kuipunguza, tena husaidia chakula kisikae sana tumboni, ndiyo maana wengine hawajai gesi. Wanawake waliojitolea waligawanywa: hawa vidonge vya tangawizi, hawa vya unga mtupu usio na dawa, na hakuna aliyeambiwa kapewa nini. Vilijazwa na mfamasia chumba kingine, hata sisi wa maabara hatukujua kipi ni kipi, kwa hiyo nami nikajiandikisha.

Mwanzo ulikuwa kichekesho. Wa unga walicheua, hawakusikia harufu ya tangawizi, wakaja juu wakidai haki yao. Ikabidi tuanze upya, unga umetiwa tangawizi chembe tu ya kunukia.

Wenzangu wengi walipata nafuu. Mimi wapi! Nikajituliza kwamba nimeangukia unga. Siku ya kufunua matokeo, daktari akaniambia nilikuwa nameza tangawizi halisi muda wote. Akauliza maumivu yalianza lini. Nilipomjibu tangu nikiwa shule ya msingi, hakucheka. Alinipeleka kupigwa picha ya tumbo siku ileile.

Sasa keti, Mama. Walikuta uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Nimepasuliwa, umetolewa, umepimwa, na si saratani. Nilimwomba dada akufiche kwa ajili ya presha yako, kwa hiyo ukimkaripia, mkaripie kidogo. Nilipopewa majibu nililia kwa furaha mpaka muuguzi akaacha leso akaniletea taulo.

Juzi nimepata siku zangu za kwanza tangu nipone. Tumbo liliuma kidogo, maumivu ya watu wa kawaida. Nikachemsha tangawizi kama ulivyonifundisha, nikanywa. Ikanituliza, Mama. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Nisalimie baba na majirani wote, na yale maua uyaombe radhi. Nikija likizo nitolee kikombe cha bluu, ukae mbele yangu uniangalie nikikimaliza.

Ni mimi mwanao, ambaye hakuwahi kumwaga hata tone.