Mkono Uliosimama

Daejeon, 11 Agosti 2019

Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Usisimame kutwa nzima majini na malapa yako yaliyokwisha. Mimi sijambo, nakula, nalala.

Sikukuu ya mavuno, Chuseok, sitakuja. Maktabani tunahesabu vitabu. Upasuaji ulikwenda kama nilivyokuandikia: walikata uvimbe tu, titi wakaliacha. Madaktari wanasema matokeo ni mazuri.

Wasalimie wasuguaji wenzio wa hamamu.

Mwanao,
Da-seul

Tongyeong, 18 Agosti

Da-seul wangu, marahaba. Magoti ni yale yale, yanaijua mvua kabla ya redio.

Kuhesabu vitabu siku ya Chuseok? Kadanganye wengine. Mama wa duka la chaza kila nikimsugua ananiuliza, "Ok-bun, yule msomi wako siku hizi anaogea wapi, ndani ya kamusi?" Nimemwambia ageuke upande wa pili kabla sijamchuna ngozi.

Miaka ishirini na tisa nasugua wanawake wa mji huu. Waliokatwa, walioungua, waliozaa wanane. Na mgongo wako naujua kuliko uso wangu. Una nini ambacho mimi nisikione?

Mama yako

Daejeon, 2 Septemba

Mama, shikamoo. Natumai umeamka salama.

Basi nikwambie. Walipotoa uvimbe palibaki shimo. Wakalijaza kwa msuli wa mgongoni pamoja na ngozi yake, pale pale unapopenda kuanzia kusugua. Kisha mionzi, wiki sita. Titi likasinyaa, likawa gumu, chuchu ikapanda, sasa inatazama kwapani.

Mwezi wa sita walinipiga picha tano, bila kichwa. Mikono chini, mikono juu, ubavuni. Madaktari wanne wasionijua wakazitia alama za mwonekano wa titi: bora, nzuri, wastani, mbaya. Watatu waliandika nzuri. Nami nikapewa fomu yangu. Nikaweka alama kwenye mbaya. Muuguzi akainama, "Dada, una hakika? Wapo ambao wangekuonea wivu." Nikafuta. Nikaandika nzuri.

Nikija, usinitie alama.

Mwanao

Tongyeong, 6 Septemba

Mwanangu, marahaba. Njoo Jumanne, siku hiyo tunafunga. Nimeshaomba ufunguo. Nitawasha boila kwa ajili yetu wawili tu. Maziwa ya ndizi yako kwenye friji, kama ulipokuwa mdogo.

Sitasema neno.

Mama

Daejeon, 14 Septemba

Mama, shikamoo. Nilifika salama. Nisamehe kwa kuondoka bila hata kuonja songpyeon, keki za mchele ulizokesha ukizifinyanga.

Ahadi uliitimiza. Titi uliliangalia mara moja, ukalimwagia maji, basi. Nilikupenda kwa hilo. Nikalala kifudifudi. Ukaanza shingoni, ukashuka. Halafu mkono wako ukasimama.

Mama, mkono huo haujawahi kusimama. Siku ulipoletewa habari za kifo cha baba, ulimaliza kwanza mgongo wa mteja.

Niambie kwa nini ulisimama. Usinifariji. Wa kuniambia nzuri ninao wa kutosha.

Mwanao

Tongyeong, 27 Oktoba

Da-seul, marahaba. Najua nimechelewa. Nimeandika barua nne, nikazichana. Ya kwanza ilisema sabuni iliniingia jichoni.

Huwa nafumba macho nikisugua, mikono ndiyo inayoona. Ilipofika pale ikakuta bonde, kisha kovu. Ikapotea. Kwa pumzi moja sikujua huo ni mgongo wa nani. Nilidhani nimemshika mgeni.

Nisamehe. Njoo Seollal, mwaka mpya. Mikono itajifunza.

Mama

Daejeon, 19 Januari 2020

Mama, shikamoo. Natumai baridi haijakukamata magoti. Asante kwa kutoichana ile ya tano.

Seollal sitakuja. Wala usiniwekee maziwa. Daktari anasema ngozi iliyopigwa mionzi itaendelea kujikunja kwa miaka, na hakuna cha kuizuia. Mikono yako ikijifunza mwili wangu leo, mwakani itakuta mwili mwingine. Siwezi kuwa mgeni wako kila mwaka.

Kile kitambaa cha kijani cha kusugulia ulichonitilia mkobani nimekitundika bafuni. Jana nilikivaa mkononi kama glavu, nikajaribu mwenyewe. Tangu wautoe ule msuli, mkono wa kushoto haufiki nyuma. Wa kulia nao ulifika mpaka penye kovu, ukasimama.

Mwanao,
Da-seul